Jebu yangu ilikuwa inapiga hodi

Mzee anayetufundisha ngumi pale Makorora, Tanga, hakuangalii ukiwa unapiga gunia. Anakaa kwenye kibenchi chake karibu na mlango, mgongo kaupa ukumbi, kikombe cha kahawa mkononi, anatazama watu wanaopita na baiskeli zao, ila masikio yake yapo kwako. Siku yangu ya kwanza nilidhani kanipuuza. Nimepiga jebu, ile ngumi iliyonyooka ya mkono wa mbele, raundi nzima, gunia linayumba hadi mnyororo unalia, najiona nimeiva, afu yule mzee bila hata kugeuza shingo akasema, "Huyo mgeni anasukuma. Mwanangu, hilo gunia si gari lililozima, usilisukume. Lipige."

Mi nikamjibu, "Shikamoo mzee, napiga kwa nguvu zangu zote." Akasema marahaba, na hapo hapo ndo kosa lilipo.

Ilinichukua karibu mwaka mzima kuisikia ile tofauti anayoisikia yeye. Ngumi iliyosukumwa inatoa "du", mlio mzito, na gunia linaondoka linaenda mbali kama mtu aliyesukumwa kwenye foleni. Ngumi iliyochapwa inatoa "pa", mlio mkavu, na gunia linajikunja pale pale lilipo, linatetemeka, haliendi mbali. Sasa haya yote nayoandika leo ni safari yangu kutoka "du" kwenda "pa", na naandika kwa sababu kila wiki nakutana na vijana wanaotafuta kasi ya jebu kule kule nilikokuwa naitafuta mimi, yaani kwenye nguvu, na huko haipo.

Kazi yangu ni fundi baiskeli Ngamiani. Tanga ukiwa fundi baiskeli hulali njaa, na kukaza nati toka asubuhi mpaka jioni kunakupa mkono mgumu kweli kweli. Nikawa naamini mkono mgumu ndo mkono wenye kasi. Na kabla sijafika kwa mzee, kwenye jimu moja ambayo sitaitaja, nilikuta wanaamini hivyo hivyo. Dawa yao ya jebu ilikuwa ni kupiga shado, yaani kupiga hewa peke yako, umeshika vyuma, kilo mbili kila mkono, raundi tatu mpaka nne, eti ukivitua mkono unakuwa mwepesi kama unyoya. Na kweli ukivitua unajisikia mwepesi, ila kujisikia mwepesi na kuwa na kasi ni vitu viwili. Fikiria tu, chuma kinavutwa kwenda chini, hakivutwi kurudi nyuma. Kwahiyo unachokifanyisha mazoezi ni bega kubeba mzigo usidondoke, wakati jebu yenyewe inakwenda mbele. Halafu mwisho wa ngumi, pale mkono unaponyooka, wewe umesimama lakini chuma bado kina safari yake, na anayekisimamisha ni kiwiko. Mimi kiwiko changu cha kushoto kilisimamisha vile vyuma miezi miwili, kikachoka, nikakaa wiki sita siwezi kukaza hata nati ya gurudumu la nyuma bila kuuma meno. Kwa fundi hilo ni ugali, siyo mchezo. Sisemi chuma kidogo cha nusu kilo kwa dakika moja kitakuua, nasema siyo njia ya jebu, na mtoto asipewe kabisa.

Kilichoniamsha zaidi lakini ilikuwa pambano. Ridhaa, raundi tatu za dakika tatu, mwenzangu mfupi kuliko mimi, mikono mifupi, kila mtu kaniambia huyo ni wa jebu tu, mkalie mbali, utachoka mwenyewe kumpiga. Raundi ya kwanza jebu zinafika kiasi. Raundi ya pili akaanza kufanya kitu, kila nikitupa jebu anasogeza kichwa kidogo, anasubiri, halafu mkono wangu ukiwa njiani kurudi anapitisha wa kulia juu yake. Mara ya kwanza nikaona bahati. Mara ya tatu nikajua jamaa kanisoma. Nikapoteza kwa pointi na jicho la kushoto limefunga.

Mzee hakunilaumu hata kidogo. Aliniuliza tu, "Mkono wako ukishapiga, unarudi wapi?" Nikasema unarudi kidevuni. Akatikisa kichwa, akanihadithia ya bondia Joe Louis. Tarehe 19 Juni 1936, Yankee Stadium, New York, Louis alikuwa hajawahi kupoteza pambano la kulipwa hata moja, akapangwa na Mjerumani Max Schmeling. Schmeling alikuwa ameshakaa akatazama filamu za mapambano ya Louis na akaona kitu kimoja, kwamba Louis akimaliza kupiga jebu mkono unarudi chini, haurudi juu ulikotoka. Basi usiku ule kazi yake ikawa hiyo, jebu ikishuka yeye anapitisha kulia, jebu ikishuka anapitisha kulia, raundi ya 12 Louis akahesabiwa hadi mwisho. Miaka miwili baadaye, 22 Juni 1938, wakarudiana uwanja ule ule na Louis akammaliza raundi ya kwanza. Mzee anasema Louis aliyerudi mara ya pili alikuwa mtu aliyejifunza kwamba ngumi haijaisha mpaka mkono ufike nyumbani.

Sasa kusikia hadithi ni jambo moja na kujiona ni jingine. Mdogo wangu ana simu inayorekodi slomo, video ya mwendo wa polepole, fremu 240 (yaani picha 240) kwa sekunde. Nikamwomba anirekodi kwa pembeni nikipiga jebu kwenye hewa, kumi tu, halafu tukakaa kwenye ngazi za nyumba tukawa tunasogeza video fremu moja moja na kuhesabu. Toka glovu inaanza kusogea mpaka mkono umenyooka, fremu 40. Toka umenyooka mpaka umerudi shavuni, fremu 71. Nikasema tumekosea, tukahesabu nyingine, 39 kwa 74. Nyingine, 41 kwa 70. Jamani, miezi yote ile nahangaika na kasi ya kwenda, vyuma, pushapu, kamba, kumbe kwenda kwangu siyo kubaya, mkono ulikuwa unakwenda haraka halafu unakaa kule mbele unatazama mandhari, unashuka taratibu mpaka karibu na kifua ndo unakumbuka kupanda. Yule jamaa mfupi alikuwa na karibu theluthi ya sekunde ya kunifanya anachotaka.

Kama una simu yoyote yenye slomo fanya hivi kabla hujafanya zoezi lolote. Kweli nakuomba. Usikadirie kwa macho, na usimuulize rafiki yako maana atakwambia uko poa.

Nilichokosa sasa ni namna ya kuuambia mkono urudi. Ukisema tu "rudi haraka" unaanza kukaza mwili mzima na ngumi inakufa. Hili jambo nililielewa uani nyumbani, Jumapili asubuhi, na aliyenielewesha ni mama. Alikuwa anafua. Akatoa kanga kwenye beseni, akaikamua, akaishika pembe mbili, akaikung'uta kabla ya kuianika. Pa! Ule mlio. Ule ule mlio wa mzee. Nikamwambia mama, rudia. Akaniangalia. "Una nini wewe leo?" Nikamwambia nakuomba mama, rudia tu. Akaikung'uta tena, na safari hii nikatazama mikono badala ya kanga. Mikono inakwenda mbele, imelegea kabisa, na kabla kanga haijamaliza safari yake mikono imeshageuka inarudi, na mlio unatokea pale pale, kwenye kugeuka. Nikachukua kanga nikajaribu mwenyewe nikiwa nimekaza mikono kama nashika spana. Hakuna mlio. Inapepea tu kama bendera. Mama akasema, "Usiing'ang'anie, iachie." Nikaiachia, ikalia.

Najua mkono wa mtu si kanga, una mfupa. Na hapa lazima niseme kitu ambacho vijana wengi wanakipindua: ukianza kuvuta mkono kabla haujafika, unapata jebu ya kugusa, inalia vizuri kwenye glovu ya mwenzako lakini haimsumbui mtu. Ngumi inapaswa kuingia ndani kidogo, sentimita tatu nne kupita ngozi, ndo igeuke. Kugusa ni kosa na kusukuma ni kosa, "pa" iko katikati yao na ni nyembamba sana. Ndo maana inachukua muda.

Kuhusu kulegea kwenyewe, hii si imani ya wazee peke yake. Mwaka 2010 Stuart McGill na wenzake wa Chuo Kikuu cha Waterloo kule Kanada walichapisha utafiti waliofanya kwa wapiganaji wa kiwango cha juu, waliwabandika vipimo vya misuli kisha wakawaambia wapige. Walichokiona ni kwamba misuli inakaza mara mbili. Inakaza mwanzo kuanzisha mwendo, katikati inalegea ili mkono uende kasi, halafu inakaza tena pale ngumi inapofika. Yaani mabingwa wanajua kulegea katikati ya safari. Na sababu ni ya kawaida tu ukishaielewa: mkono unanyooshwa na misuli ya nyuma ya mkono, na unakunjwa na ile ya mbele, ile ambayo watu wanapenda kuionyesha kwenye picha. Ukikaza mkono mzima toka mwanzo, ya mbele inakuwa breki ya ile ya nyuma. Unaendesha umekanyaga breki. Mimi fundi najua baiskeli yenye breki inayogusa rimu inavyokwenda, unakanyaga mpaka unalowa jasho na mwendo ni ule ule.

Kwahiyo mzee akanifanya niache kufunga ngumi. Ndani ya glovu vidole vinakaa kama nimeshika yai, natupa, na nafunga ngumi pale tu inapofika, na pumzi inatoka hapo hapo, "tss", fupi. Bega la kushoto linapanda lenyewe kufunika kidevu. Mguu wa nyuma unasukuma na wa mbele unatua pamoja na ngumi, usitue kwanza ukasubiri. Mkono wa kulia unakaa shavuni hauendi kutembea. Haya ya miguu nayapitia haraka kwa sababu kocha yeyote wa maana atakufundisha siku ya kwanza.

Nataka nikae kwenye jambo la hodi, maana hapo ndo nilipata mabadiliko makubwa kuliko yote na sijasikia watu wakilizungumza vya kutosha.

Angalia hesabu. Mtu akiona kitu kwa macho, mpaka mwili wake uanze kujibu inapita kama sehemu ya tano ya sekunde. Jebu yangu ilikuwa inafika kwa fremu 40 kati ya 240, hiyo ni sehemu ya sita ya sekunde. Kwa maana nyingine ilikuwa inafika kabla mtu hajaweza kuijibu. Sasa mbona walikuwa wanaikwepa? Nilimuuliza mzee, nikiwa nimechanganyikiwa kweli. Akasema, "Kwa sababu unapiga hodi, mwanangu. Na mtu akisikia hodi anajua kuna mgeni, hata kama mgeni ana mbio."

Tukarudi kwenye video, safari hii hatuhesabu baada ya glovu kusogea, tunatazama kabla. Na hodi zikaonekana. Ya kwanza, glovu inarudi nyuma kidogo kabla ya kwenda mbele, kama mtu anavuta manati. Ya pili, kiwiko kinafunguka kwenda nje kama bawa la kuku. Na ya tatu, hii iliniuma, nilikuwa navuta pumzi na kuinua kidevu kila kabla ya jebu, kila mara, hata mtoto angeweza kujua. Mpinzani hakuwa anaikwepa ngumi, alikuwa anaikwepa hodi. Ungeniongezea kasi mara mbili bado ningekwepwa.

Dawa ya kiwiko ilikuwa ukuta. Unasimama ubavu wa kushoto karibu na ukuta, karibu kiasi kwamba kiwiko kikifunguka kinagonga, na unapiga jebu taratibu, mia, mia mbili, mpaka kiwiko kinajifunza kupita chini ya ngumi. Dawa ya kuvuta nyuma ilikuwa kuanza kutoka mahali popote mkono ulipo, ukiwa shavuni unaanzia shavuni, ukiwa kifuani unaanzia kifuani, usiurudishe kwanza mahali pazuri. Na dawa ya pumzi ilikuwa kuongea. Mzee alikuwa ananifanya nimhadithie siku yangu ilivyokwenda kazini huku napiga pedi alizovaa mikononi, na ghafla anafungua pedi moja, nipige bila kukatisha sentensi. Wiki ya kwanza kila nikitaka kupiga nanyamaza. Anasema, "Hodi." Nikinyamaza tena, "Hodi." Siku niliyopiga katikati ya neno "nati", yaani "na-pa-ti", alicheka mpaka akaweka pedi chini.

Mazoezi ya mlio wenyewe ni ya bei rahisi. Ninalolipenda ni la gazeti. Unaning'iniza ukurasa mmoja wa gazeti kwa pini kwenye kamba ya kuanikia nguo, unasimama nalo usawa wa uso, unapiga. Ukisukuma gazeti linajaa kama tanga la ngalawa na linakwenda na mkono wako. Ukichapa linapasuka au linatoa mlio na linabaki pale. Halidanganyi hata kidogo, na halihitaji kocha. La pili ni la chungwa. Msimu wa machungwa ya Muheza ukifika, natia moja kwenye kipande cha wavu, nalining'iniza kwa uzi mrefu. Unapiga jebu, linakwenda, linarudi, na mkono wako lazima uwe umeshafika shavuni kabla chungwa halijakurudia, la sivyo linakugonga usoni na unajua mkono ulikuwa wapi. Mwanzo piga pole, chungwa zito likikurudia puani siyo zuri.

Na tyubu. Kwa fundi baiskeli tyubu za zamani ndo utajiri. Watu wengi wanafunga mpira nyuma yao na kupiga mbele wakivutana nao, nami nilifanya, ila tyubu inavuta zaidi kadiri unavyoinyoosha, kwahiyo inakupunguza mwendo mwisho wa ngumi, pale pale unapotaka uwe na kasi kubwa. Mi nikaigeuza. Naifunga kwenye mwembe mbele yangu, nashika upande mmoja mkono ukiwa umenyooka, na zoezi ni kurudisha, kuvuta ghafla mpaka shavuni, mara nane, naachia, halafu napiga jebu tano za bure. Misuli inayorudisha mkono iko mgongoni na nyuma ya bega, na hakuna mtu aliyewahi kuniambia niifanyishe kazi. Kwa mtu ambaye kurudi kwake ni fremu 71, hilo lilikuwa pengo langu lote.

Jambo moja la ratiba ambalo nilikosea sana: kasi haifanyiwi mazoezi umechoka. Zamani nilikuwa naacha jebu za haraka ziwe mwisho, baada ya gunia na kamba, mabega yanawaka, nikidhani nakomaa. Kumbe nilikuwa naufundisha mwili jebu ya mtu aliyechoka. Sasa nafanya mwanzo kabisa, nikishapata joto, sekunde 20 za jebu nzuri kabisa, napumzika dakika nzima, mara nne au tano, basi. Mlio ukibadilika kuwa "du" naacha hata kama muda haujaisha. Mara nyingine naenda Raskazone alfajiri nafanya shado peke yangu, maji yametulia, husikii kitu zaidi ya pumzi yako na glovu inavyorudi shavuni.

Mzee anampenda Larry Holmes kuliko bondia yeyote wa uzito wa juu. Holmes alianza kama mwenza wa mazoezi wa Muhammad Ali, akachukua ubingwa 1978 kwa Ken Norton, na akashinda mapambano 48 mfululizo kabla ya kupoteza kwa Michael Spinks mwaka 1985, na kazi kubwa ya miaka yote hiyo ilikuwa mkono wa kushoto. Kwa hapa kwetu anamtaja Titus Simba, aliyetuletea medali ya fedha Edinburgh 1970 kwenye michezo ya Jumuiya ya Madola, fainali akapoteza kwa John Conteh wa Uingereza. Anapowataja hawa sauti yake inashuka, kama anataja ndugu.

Siku hizi ananiachia vijana wadogo jioni. Kuna dogo mmoja wa miaka 15, alikuja kwa ajili ya bondia Hassan Mwakinyo kama nusu ya watoto wa Tanga hii, maana kila mtu hapa anajua kijana wetu alivyokwenda Birmingham tarehe 8 Septemba 2018 akammaliza Sam Eggington raundi ya pili, nyumbani kwa mwenyewe. Huyu dogo alikuja anataka ngumi ya kumlaza mtu tu. Jebu anaiona kama kazi ya nyumbani. Sikumhutubia. Nilimpa ukurasa wa gazeti na pini mbili nikamwambia ukilipasua niite.

Alikaa nalo siku nne. Siku ya tano nikiwa nimekaa kwenye kibenchi cha mzee, mgongo nimeupa ukumbi, nikasikia kule nyuma, du, du, du, pa. Sikugeuka. Nikasubiri. Du, du. Pa. Akaanza kupiga kelele, "Kocha! Kocha limechanika!"

Jana tumemrekodi kwa simu ya mdogo wangu. Kwenda 44, kurudi 63. Ameandika kwa kalamu ukutani karibu na mlango, chini ya namba zangu za zamani, na ameniomba tyubu moja aende nayo nyumbani.